Kipimo cha mwendo wa damu kichwani kwa watoto wenye selimundu, Tanga: mpimaji mzuri, ripoti pungufu

Kliniki hii ya binafsi iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Inapima mwendo wa damu kichwani kwa watoto wenye selimundu (siko seli), miaka 2 hadi 16, ili kujua hatari ya kiharusi. Hakuna sindano wala mionzi: mtoto analala chali, anapakwa jeli kwenye panja, mbele ya sikio juu ya kitefute, ambapo mfupa ni mwembamba na mawimbi ya sauti ya megahezi 2 yanapenya. Msuko usifunike hapo.

Mpimaji ni fundi hasa. Anaanza kina cha milimita 40 hivi, anaukamata mshipa wa kati wa ubongo, kisha anaufuata milimita 2 kwa 2 mpaka kwenye njia panda yake, akiusaka mwendo mkubwa kuliko wote. Haridhiki na wa kwanza kuuona. Kulia, halafu kushoto. Nusu saa nzima. Mtoto akilia anasimama, na ni sahihi kabisa: kilio kinamfanya aheme haraka, kabonidioksaidi inashuka, mishipa midogo inajibana na mwendo unapungua. Akisinzia, unapanda. Mwenye homa au aliyeongezewa damu karibuni anapangiwa siku nyingine.

Ripoti ndiyo inayoangusha kazi yote hiyo. Inaandikwa "hali ya kawaida", basi! Daktari anahitaji mwendo wa wastani kwa sentimita kwa sekunde, upande na kina. Chini ya 170, mtoto anarudi baada ya mwaka. Kati ya 170 na 199, kipimo kinarudiwa baada ya miezi michache. Kuanzia 200 hatari ya kiharusi ni kubwa: kinarudiwa upesi, na ikithibitika anaanzishiwa kuongezewa damu au dawa ya haidroksiyurea. Sasa mtoto wa 110 na wa 168 wanatoka na karatasi zinazofanana, na mwakani hakuna cha kulinganisha.

Kuna na mashine. Viwango hivyo vilithibitishwa na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, uliotumia Doppler isiyo na picha, yaani mashine inayopima mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti bila kuonyesha mshipa wenyewe. Hapa wanatumia altrasaundi ya rangi, yenye picha ya mshipa, ambayo kwa kawaida husoma chini kidogo, hivyo 190 yake isichukuliwe kirahisi. Ripoti haitaji mashine hata kidogo.

Kabla ya kushuka kitandani, mwombe mpimaji aandike namba za pande zote mbili na aina ya mashine. Akiombwa, anaandika.