Pete ya dhahabu ya kila siku: kwa nini mkononi nimebakiza karati 18

Nina pete mbili za dhahabu. Moja ni ya karati 22, ya harusi yangu, ilinunuliwa Deira kule Dubai. Ina nakshi ya maua na vijiwe vyeupe vimepangwa juu. Nyingine ni ya karati 18, haina kijiwe wala nakshi, niliitengenezesha kwa sonara Kariakoo. Ya Dubai inakaa kabatini, hutoka Idi na siku za shughuli. Ya Kariakoo ndiyo ninayolala nayo, ninayosongea ugali, na kwenda nayo kazini. Mimi ni muuguzi wodi ya wazazi hapa Dar es Salaam, mikono yangu inaoshwa kuliko sahani za mama lishe, kwa hiyo nikisema pete inafaa kwa kila siku, nimeitesa kweli.

Mama mkwe alipoiona mara ya kwanza aliishika, akaigeuzageuza dirishani, akasema: "Mwanangu, hii mbona imepauka? Ile ya harusi iko wapi?" Namwelewa. Pwani tumezoea dhahabu inayoiva, ile rangi ya karati 22, na ndugu wa Oman na Dubai wanatuletea 21. Karati 18 ukiiweka pembeni yake inaonekana kama imefifia kidogo. Wapo wanaosema kabisa kwamba 18 si dhahabu.

Ni dhahabu, robo tatu yake. Dhahabu safi ni karati 24. Ya 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika kila elfu moja, ya 21 ina 875, ya 18 ina 750, ya 14 ina 585, na ya 9 ina 375. Ndiyo maana ndani ya pete unakuta namba kama 916 au 750. Sehemu iliyobaki ni shaba na fedha, wakati mwingine na zinki, na hizo ndizo zinazoipa ugumu. Dhahabu tupu ni laini mno. Pete yangu ya 22, nilipokuwa naivaa kila siku, maua ya upande unaogusana na kidole cha pembeni yalianza kulika, halafu ikapoteza duara. Ukiiweka mezani ilikuwa yai. Kilichoipinda si ajali yoyote kubwa, ni mpini wa ndoo ya maji. Ukibeba ndoo ya lita 20 kwa mpini wa waya, uzito wote unapita kwenye vidole, na pete nyembamba ya karati 22 haina ubavu huo.

Lakini karati peke yake isikuchukulie akili yote. Kama ningeambiwa nichague kati ya pete nyembamba ya karati 18 na pete nene ya karati 22, ningechukua nene. Unene ndio unaobeba pete ya kila siku, na ndio wauzaji wanaoupunguza ili bei ionekane nzuri. Yangu ina upana wa milimita 4 na unene wa karibu milimita 1.7 katikati, juu imeviringwa na kingo za ndani zimelainishwa ili isikate ngozi. Uzito wake ni gramu tano kasoro kidogo. Jihadhari na zile pete pana zinazoonekana nzito dirishani, ukizipokea mkononi unashangaa zilivyo nyepesi. Hizo zina uwazi ndani. Zikigongwa zinabonyea, na fundi hawezi kuzinyoosha bila kuziharibu.

Sasa kununua. Uliza maswali mawili yaliyotengana: gramu moja ya karati hii leo ni shilingi ngapi, na ufundi ni shilingi ngapi. Muuzaji anayekupa bei moja ya jumla na hataki kuichambua, mwage salamu uondoke. Hesabu yenyewe si ngumu. Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na wakia ya madini ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa kama dola 128. Karati 18 ni robo tatu ya hapo, dola 96. Pete ya gramu tano basi ina dhahabu ya dola 480 hivi, na chochote kinachozidi ni ufundi na faida ya duka. Bei inapanda na kushuka, ila njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo. Ukiwa na ndugu wanaohesabu kwa tola, tola moja ni gramu 11.66.

Duka moja katikati ya mji, silitaji, lilinipimia pete yenye vijiwe pamoja na vijiwe vyake, na nikatajiwa bei ya gramu zote kama dhahabu. Vijiwe vyenyewe vilikuwa vioo. Nilipouliza, kijana wa mizani akanijibu, "Dada, kila mtu anapima hivyo." Si kweli. Sonara mwenye heshima hupunguza uzito wa vijiwe na kukuandikia mbali.

Yule wa Kariakoo niliyemkubali ni mzee wa makamo anayefanya kazi mwenyewe, meza yake iko mbele za watu. Nilimpa hereni zangu chakavu, akazipima mbele yangu, akasugua moja kwenye jiwe jeusi la kupimia na kudondosha tindikali kwenye ule mstari. Mstari wa dhahabu ya karati ya chini hufifia haraka. Wa karati ya juu hukaa. Maduka makubwa yana mashine ya eksrei inayotoa asilimia kwenye skrini, ni nzuri, lakini inasoma juujuu tu, pete iliyopakwa dhahabu nzito inaweza kuidanganya.

Kuna kipimo kingine ambacho alikubali nikifanye pale pale kwenye mizani yake, na nakupa kwa sababu hakiharibu chochote. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, uirudishe sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba, uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Pete yangu kavu ilikuwa gramu 4.96, majini mizani ikasoma 0.32. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 15.5, yaani pete ni nzito mara 15.5 kuliko maji ya ujazo ule ule, na karati 18 ya njano hukaa kati ya 15 na 16. Ya 22 hukaribia 17.7, dhahabu tupu ni 19.3, shaba ni 9 tu. Kinafaa kwa pete isiyo na kijiwe na isiyo na uwazi ndani. Namba ya 750 iliyogongwa peke yake isikutulize, muhuri ni patasi na nyundo. Sumaku nayo inakamata chuma na madini machache kama nikeli. Shaba iliyopakwa haitikisiki.

Kuhusu huduma: kazi yake safi, maungio huyaoni hata ukiisogeza jichoni. Ahadi zake sasa, ongeza siku. "Kesho mwanangu" ya sonara inajulikana.

Saizi nilipima jioni baada ya zamu, mikono ikiwa imechoka. Dar ya Februari na Machi vidole vinajaa, Julai vinapungua, na pete iliyopimwa asubuhi ya baridi itakutesa. Pete pana inataka nafasi zaidi kuliko nyembamba. Ipite kwenye kifundo kwa kusukumwa kidogo, basi.

Hapa niseme kama muuguzi. Kina mama wanafika kujifungua mikono imevimba na pete imezama. Ukiwa mjamzito, ivue mapema, usisubiri mwezi wa tisa. Na mikono na uso vikivimba ghafla, hasa kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, hiyo si habari ya pete tena. Nenda kapimwe presha siku hiyo hiyo, inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Pete iliyokwama tunaitoa kwa uzi: unapitisha ncha chini ya pete kuelekea kiganjani, unazungusha uzi uliobaki kwa kubana kuanzia kwenye pete hadi uvuke kifundo, halafu unavuta ile ncha ya chini na uzi unapofunguka unaisukuma pete mbele. Ikishindikana tunakata. Dhahabu inakatika kwa msumeno mdogo wa mkono na sonara anaiunga tena. Zile pete ngumu za kisasa za tangsteni hazikatwi kwa msumeno huo, inabidi zivunjwe kwa kubanwa, na mgonjwa akiona koleo linakuja presha inapanda upya.

Kazini, kijiwe ni balaa. Vikucha vinavyoshika kijiwe vinachana glavu na kuhifadhi uchafu chini yake. Chumba cha upasuaji tunavua zote. Kitakasa mikono chenye spiriti hakina shida na dhahabu. Adui ni klorini, yaani dawa ya kutoa madoa tunayofulia mashuka na kusugulia vyoo. Inakula yale madini yaliyochanganywa, hasa kwenye maungio, na pete hupasuka baadaye bila wewe kuelewa kwa nini. Nikishika ndoo ya klorini pete inatoka kwanza, inaingia kwenye pochi yenye zipu, si mfuko wa sare. Stilwaya ya kusugulia masufuria nayo inaacha mikwaruzo, na kukanda unga wa chapati na pete yenye nakshi ni kazi ya kuchokonoa jioni nzima.

Halafu zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaitumia kunasa dhahabu mchangani kwa sababu inaing'ang'ania, na pete haijui tofauti. Baadhi ya krimu za kujichubua, zile zilizopigwa marufuku na bado zinauzwa chini ya meza, zina zebaki. Ukiona pete yako imeota madoa meupe kama fedha na unatumia krimu ya aina hiyo, acha krimu kabla hujawaza pete. Kinachopita kwenye dhahabu kinapita pia kwenye figo. Na usiichome jikoni ili irudi njano, mvuke wa zebaki ni sumu. Mpelekee sonara, umwambie ukweli.

Kusafisha ni jambo dogo. Maji ya vuguvugu, matone ya sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, suuza kwenye bakuli (si kwenye sinki wazi), futa kwa kitambaa cha pamba. Dawa ya meno hapana, ina chembe zinazokwaruza. Kung'arishwa kwa mashine ya sonara kunapendeza, ila kila anapong'arisha anaondoa dhahabu kidogo, kwa hiyo usimpelekee kila mwezi, na ipimwe kabla na baada ya kazi. Mikwaruzo midogo mimi naiacha. Ikishakuwa mingi inakuwa rangi moja.

Nimeulizwa sana kama ningeweka tanzanite, jiwe letu la Mererani. Kwa hereni au kidani, ndiyo, tena kwa fahari. Kwa pete ya kila siku, hapana: ugumu wake ni 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, na vumbi la mchanga lina chembe za madini ya kwatzi (quartz) zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kuifuta tu ikiwa na vumbi kunaiondolea mng'ao. Likigongwa kwenye kona ya meza linaweza kupasuka, na mashine za kusafishia kwa mitetemo hazilifai kabisa. Ukitaka kijiwe cha rangi, safaya au rubi zina ugumu wa 9; zifukiwe kwenye dhahabu, zisisimame.

Mume wangu, kwa kuwa dini haimruhusu dhahabu, anavaa fedha, na yake inabadilika rangi joto la Dar likizidi. Hilo namwachia mwenyewe.

Wanaofanya kazi na mashine zinazozunguka, cherehani za kiwandani, mashine za kusaga, waivue wakiingia kazini hata iwe imara vipi. Wengine wote, ukienda kwa sonara, hakikisha risiti imeandikwa gramu, karati, bei ya gramu ya siku hiyo na ufundi kwa mistari tofauti, pamoja na kiwango atakachokata ukimrudishia. Wangu hukata ufundi wote na kulipa dhahabu kwa bei ya siku, akipunguza kidogo ya kuyeyusha.