Nimeachana na kasha la RAID, sasa natumia ekstano (hadidiski za nje) mbili za kupokezana

Nianze na kasha maana ndo lilinifikisha hapa. Ni lile la kuweka hadidiski mbili za inchi 3.5, unachagua RAID 1, yaani diski mbili zinafanya kazi kama moja, unaweka 4TB na 4TB unapata 4TB, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili hapohapo. Kama kasha sina neno nalo, limetulia, feni haina kelele, na siku diski moja ikifa kweli nyingine inaendelea na kazi. Kosa langu nililichukulia kama bakapu, yaani nakala ya akiba, na RAID 1 sio bakapu.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa napanga picha, folda ya simu na folda ya kamera, nikabandika ya simu juu ya ile ya kamera, Windows ikauliza kama ibadilishe faili zenye majina yanayofanana nikabonyeza ndio, nikijua ni zilezile zimejirudia. Kumbe vyote viwili vinahesabu kuanzia IMG_0001. Nikaja kufungua picha ya siku mtoto wetu wa kwanza aliyozaliwa, nakuta risiti niliyoipiga kwa simu. Nikafungua inayofuata, na inayofuata. Nikachomoa diski ya pili nikaichomeka peke yake nikiamini huko zipo, risiti ileile ipo, maana ndo kazi yake kuiga kila kitu na makosa yangu yamo. Programu za kuokoa faili zilirudisha chache tu, nyingine picha nusu inaonekana nusu kijivu. Mke wangu alikaa kimya muda mrefu siku ile, mpaka leo hizo picha hatuna.

Kwahiyo ukiambiwa nunua RAID utakuwa salama, jiulize salama kutokana na nini. Inakukinga na diski moja kufa, basi. Ukifuta kitu kimefutika kote, kirusi kikifunga faili zinafungwa kote, na umeme ukirudi kwa kishindo au mwizi akiingia, diski zote mbili zipo kwenye boksi moja.

Mpangilio wa sasa nao nimekaa nao miaka miwili. Kompyuta ina SSD (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya 500GB ya Windows na programu, na hadidiski ya kawaida ya 4TB ya picha na video. Alafu nina ekstano mbili za 5TB nimeziandika A na B kwa kalamu ya wino mzito. A inakaa droo ya mezani, B inakaa kwa dada yangu, na kila mwanzo wa mwezi zinabadilishana. Ndo ile kanuni ya 3-2-1 ambayo watu wa picha wanaisema sana, nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Nyaraka muhimu kama vyeti na mikataba zipo Google Drive pia, zile 15GB za bure zinatosha kabisa kwa makaratasi, kwa video hazitoshi hata kidogo.

Programu ninayofanyia bakapu ni Veeam Agent, toleo la bure. Inachukua nakala ya kompyuta nzima, Windows na kila kitu, mara ya kwanza inachukua muda, baada ya hapo inachukua vilivyobadilika tu, na inaweka matoleo ya nyuma kwahiyo nikiharibu faili leo nalirudia la wiki iliyopita. Kilichonivutia zaidi ni ile sehemu ya kuiambia ikimaliza iitoe ekstano yenyewe, maana diski ikibaki imechomekwa siku virusi vya kufunga faili vikiingia, kama WannaCry ile ya 2017, na bakapu inaenda nayo. Inaruhusu pia kuweka password kwenye bakapu, na kwa diski inayolala nyumba nyingine usiache kuiweka, ila ukiisahau ndo imetoka hiyo, hakuna wa kukufungulia. File History ya Windows yenyewe sio mbaya kwa mtu anayetaka kitu chepesi, inaweka nakala kila saa, lakini haibebi Windows nzima. Wa Mac wana Time Machine tangu 2007, hao wachomeke diski tu waendelee na maisha yao.

Kuhusu diski zenyewe, kwa bakapu sioni haja ya SSD. Hadidiski inatosha, ila angalia unachomeka wapi. Mwanzoni nilichomeka tundu la USB 2.0 nyuma ya kompyuta nikawa napata MB 35 kwa sekunde, GB 300 ni zaidi ya saa mbili, nikahamia USB 3.0 ikapanda mpaka 120 hivi, dakika kama 40 kazi imeisha. Lingine ni SMR, yaani mistari ya data inapandiana kama vigae vya paa. Ukiandika vitu vingi mfululizo spidi inaporomoka, na ekstano nyingi ndogo ziko hivyo. Kwa bakapu ya usiku sijali, kwenye RAID ningejali sana, na ndo maana 2020 kulikuwa na zogo kubwa mpaka Western Digital wakataja hadharani ni diski zipi za WD Red, zile zinazouzwa kwa makasha ya namna hiyo, zinazotumia SMR. Na 5TB itakuonyesha kama 4.5, usirudishe dukani, Windows inahesabu tofauti tu.

Kila miezi mitatu naangalia afya ya diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Bluu nzuri, njano anza kuhamisha vitu siku hiyohiyo usisubiri mwezi uishe. A iliwahi kuwa njano mwaka jana, sekta chache (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zimeanza kuharibika, nikanunua nyingine ikiwa bado inasomeka vizuri.

Kitu ambacho ningemuomba kila mtu afanye ni kurudisha. Wengi wanafanya bakapu hawajawahi kurudisha hata faili moja. Mimi nilichukua hadidiski tupu nikairudishia Windows nzima kutoka A, mara ya kwanza ikagoma kwasababu sikuwa nimetengeneza flashi ya kuwashia kompyuta, na programu ilikuwa inanikumbusha tangu siku ya kwanza nikawa naipuuza. Nikatengeneza, nikarudia, kompyuta ikawaka na kila kitu mahali pake. Hiyo flashi sasa nimeifunga na A kwa mpira, na ya pili nimeipeleka kwa dada ikae na B.