Kunyoosha pindo la kwilti lililofanya mawimbi: karakana moja ya Mbuyuni, Moshi

Kwilti ya vitenge, yaani tandiko nene la viraka lenye matabaka matatu, inaweza kushonwa vizuri katikati, viraka vikakutana pembe kwa pembe, lakini ikitandikwa kitandani pindo, yaani ukanda unaozunguka viraka, halilali. Ukiweka kiganja ukingoni, wimbi linahama upande wa pili kama unga wa chapati unaosukumwa. Karakana ya mafundi cherehani iliyo jirani na Soko la Mbuyuni, Moshi, inapokea kwilti za namna hiyo zikiwa zimekwisha kabisa, bitana (kitambaa cha nyuma) na ujazo wa katikati vikiwa vimeshonwa tayari, na inazirudisha zimelala. Tunaipa alama nne kwa tano.

Sifa yao kubwa ni kwamba hawaanzi na pasi, wanaanza na futi ya kamba. Mawimbi yakikandamizwa kwa pasi peke yake hurudi baada ya siku chache, kwa sababu kitambaa kilichozidi bado kipo palepale. Hapa kwilti hutandazwa sakafuni juu ya mkeka, urefu ukapimwa mara tatu kwa ndani: mstari wa kati na mistari miwili ya robo, bila kugusa pindo. Wastani wa vipimo hivyo ndio urefu halali wa pindo. Kwilti moja ya sentimita 160 kwa 210 ilisoma 209, 210 na 211 ndani, huku kingo zake ndefu zikisoma 217 na 216. Hizo sentimita 7 na 6 ndizo mawimbi yenyewe. Wanapima pia pembe kwa pembe. Ulalo mmoja ukizidi mwenzake, kwilti yote imekwenda upande na kunyoosha pindo hakutatosha.

Chanzo cha kwanza kinajulikana: mshonaji anaweka ukanda mrefu wa pindo bila kuupima, anashona mpaka mwisho, kisha anakata kilichobaki. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini kwa kasi kuliko cha juu, kwa hiyo ukanda ukikaa chini unaingia mwingi kuliko inavyotakiwa. Chanzo cha pili ni namna ya kukata. Nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hazivutiki sana. Za mshindio, zinazokatiza upana, zinavutika, na ukanda uliokatwa kukatiza kitenge hurefuka mkononi na chini ya pasi yenye mvuke. Kitenge cha yadi 6 kinatoa ukanda wa mita mbili na zaidi kwa kufuata mtande, bila kiungo hata kimoja, ila wengi hutumia mabaki. Cha tatu husahaulika: katikati pakishonwa mistari ya karibu karibu na pindo likaachwa tupu, katikati panafinyaa, pindo linabaki na urefu wake wa zamani.

Kwa kosa hilo la tatu, karakana haifumui chochote. Wanaongeza mistari kwenye pindo, na wanaipitisha kutoka kwenye mshono wa ndani kwenda ukingoni. Mistari inayokwenda sambamba na ukingo haipunguzi urefu wake, na hapo ndipo washonaji wengi wa nyumbani hukosea.

Kwa ile kwilti ya 210, walifumua kwa wembe utepe unaofunika ukingo, wakapitisha kwa mkono uzi imara uliokunjwa mara mbili, milimita 5 kutoka ukingoni, ukishika matabaka yote matatu. Ukingo wa 217 uligawanywa kwa pini sehemu nane, na utepe mpya uliokatwa 210 nao sehemu nane. Kila sehemu ukingo ulizidi kwa milimita 9 hivi, kiasi kidogo kinachomezwa bila kuonekana. Uzi unavutwa polepole mpaka pini zinakutana, sehemu inapigwa bandi (mshono wa muda), ndipo inakwenda cherehanini, kwilti ikiwa chini na utepe juu, ili meno yasaidie kuingiza kilichozidi. Utepe haukatwi mshazari, kwa kuwa mshazari unavutika na mawimbi yangerudi.

Njia hiyo inafaa kwa ziada ya sentimita 3 hivi kwa kila mita. Kwilti hii ilikuwa mpakani, na ukitazama kwa karibu utaona mikunyo midogo kwenye kona moja. Zaidi ya hapo pindo lifumuliwe lote na likatwe upya kwa kipimo cha kati. Mafundi wanamwambia mteja hivyo kabla ya kupokea kazi, na tunawaheshimu kwa hilo.

Alama tuliyoipunguza ni ya umaliziaji. Hawaulizi ndani kuna nini. Pamba inavumilia pasi ya moto. Fiba, yaani ujazo wa poliesta, inalainika, inalala bapa na hainyanyuki tena. Mwambie fundi mwenyewe, na kama ni fiba atumie mvuke tu, pasi isikandamize. Pia hulowesha kwilti ili ikauke katika umbo lake bila kujaribu kwanza kitambaa. Kitenge chekundu au cha buluu kilichoshonwa bila kufuliwa kinaweza kuchuja rangi kwenye viraka vyeupe. Futa kiraka kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na rangi, kataa kuloweshwa. Na masika usikubali kabisa, maana kwilti nene isiyopata jua hunuka uvundo kabla haijakauka.

Malipo huhesabiwa kwa mita ya ukingo, na kufumua pindo zima hulipiwa zaidi, kwa haki, maana wembe ukipita vibaya bitana inachanika. Ukienda, beba nusu mita ya kitenge kilekile kilichokwisha kufuliwa: vipande vinane vya upana wa sentimita 6 vinatosha utepe wa kuzunguka kwilti ya 160 kwa 210, pamoja na viungo na kona.