Nilivyopangiwa bustani Mkundi kwa 120,000, na mwembe uliotuumbua

Nimelipa shilingi 120,000 kupangiwa bustani na sijutii, ingawa kuna matuta manne niliyoyang'oa mwenyewe huku nimenuna. Majirani wananiuliza kama ile karatasi ya mchoro wa bustani iliyobandikwa jikoni kwangu ina thamani ya pesa hiyo. Jibu langu hutegemea siku hiyo nimesimama upande gani wa mwembe.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mkundi, Morogoro. Kiwanja changu ni robo eka, hatua 35 kwa 35, na nyumba, choo, banda la kuku na mwembe vimeshameza zaidi ya nusu. Nilikuwa nalima kama tulivyozoea wengi: penye nafasi panapandwa. Nyanya chungu hapa, mchicha pale, matembele yanajitambalia yenyewe. Miaka mitatu mfululizo nyanya zangu zikawa zinanyauka zikiwa na maua, majani bado ya kijani. Asubuhi zimesimama, jioni zimelala kama nguo iliyoanguka kambani. Nikapiga dawa, nikanunua nyingine, nikapiga tena. Aliyefaidi ni muuza pembejeo. Ndipo mteja wangu mmoja akanipa namba ya kijana anayepangia watu bustani. Jina lake silitaji, kwa sababu kisa cha mwembe kingemharibia kazi, na kijana mwenyewe si mbaya.

Alikuja Januari. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Nikadhani atatoa futi aanze kupima, kumbe anataka kujua jana usiku tulikula nini. Na juzi je? Na mboga gani nanunua sokoni wakati ardhi ninayo? Nilitaka kukasirika, halafu nikakumbuka kwamba na mimi mtu akiniletea kitambaa cha gauni namuuliza atalivaa wapi. Basi giligilani, mchicha na sukuma wiki, vya kuchuma kila siku, akavileta hatua kumi kutoka mlango wa jiko. Maboga yakapelekwa mwisho kabisa wa kiwanja. Zamani ilikuwa kinyume, nakanyaga umande wa kiwanja kizima kufuata bamia tatu.

Nikamwonyesha nyanya zilizonyauka, upande wa mashariki. Akakata kipande cha shina karibu na mzizi, akaomba glasi ya maji safi, akakishikilia humo bila kukitikisa. Tukasubiri dakika chache. Ukaanza kutoka uzi mweupe, mwembamba, unashuka majini kama maziwa. "Huu ni mnyauko wa bakteria, mama. Uko kwenye udongo. Dawa ulizopiga zilikuwa za majani." Akanieleza kwamba nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho na viazi mviringo ni ukoo mmoja, kwa hiyo mimi niliyejidai kubadilisha mazao nilikuwa namtoa dada namwingiza mdogo wake. Kipande kile cha ardhi akakiandikia mahindi, na ukoo wa nyanya ukapigwa marufuku kukanyaga hapo. Glasi nimeitenga, haijarudi kabatini.

Kwa hilo tu ningemlipa. Lakini la maji ndilo lililonifungua macho zaidi. Nilitaka matuta 30. Akauliza kisima changu kinatoa maji kiasi gani kiangazi. Nikamwambia kinajaza simtanki moja la lita 1,000 kwa siku, kikizidi hapo kinatoa tope. Akapiga hesabu mbele yangu: tuta la mita 10 kwa 1 wakati wa jua linakunywa lita 40 hadi 50 kwa siku. Gawanya mwenyewe. Yanapatikana matuta 20, au 25 ukijibana. Kumbe yale mengine niliyokuwa nayaona yanakauka kila Septemba nikisema ni jua, nilikuwa nimeyapanda bila maji yake. Tukachora 20. Simtanki likahamishiwa kona ya juu, likainuliwa kwa matofali kiasi cha mita moja ili maji yashuke yenyewe kwenye mipira ya matone. Matuta akayalaza yakatishe mteremko, na masika yaliyofuata udongo wangu ulibaki kwangu badala ya kwenda kwa jirani.

Sasa lawama. Ndogo kwanza: njia kuu aliichora sentimita 50. Toroli langu ni sentimita 65. Mtu anayejiita mpangaji hapimi toroli? Kwetu hiyo ni sawa na kukata suruali bila kuacha nafasi ya mshono. Nikapunguza ncha za matuta sita hadi njia ikafika sentimita 90, ndipo samadi ikapita.

Kubwa ni mwembe. Ziara zilikuwa mbili, zote ndani ya bei. Ya pili niliiomba wiki iliyofuata kwa sababu nilitaka mchoro haraka, naye hakunizuia. Siku zote mbili jua la mchana lilikuwa limeelekea kusini, kivuli kikaanguka kaskazini ya mti, tena kifupi, karibu chote kiko chini ya matawi. Programu ya kwenye simu yake nayo ikamkubalia kwamba kusini ya mti kuna jua tele. Basi nyanya zikapangiwa kusini, matuta manne, na mimi nikapanda mwezi wa tano ili zikue kipupwe, wakati wake mzuri.

Kufikia mwezi wa sita jua lilikuwa limeshahamia kaskazini. Anayeishi hapa analijua hilo bila kufundishwa, maana hata kibarazani kwangu mwanga unabadilisha upande na nahamisha cherehani kuufuata. Kivuli kikageuka, kikalala juu ya nyanya zangu. Nilipima kwa futi yangu saa sita na nusu mchana: mti wa kama mita 10, kivuli karibu mita 6. Nyanya zikarefuka, nyembamba, zinachungulia jua kama watoto dirishani. Maua yakadondoka, majani yakachelewa kukauka umande, ugonjwa wa bakajani ukaingia. Niling'oa zote.

Nilimpigia simu kwa hasira. Alikuja kesho yake, akasimama chini ya mwembe muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniambia ile programu imetengenezwa na watu wa Ulaya, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima, na yeye hakufikiria. Hakuleta ubishi wala hakudai pesa ya ziara ya tatu. Nilimlipia bodaboda tu. Tukabadilishana: chainizi na spinachi, zinazovumilia kivuli kidogo, zikaja kusini, na nyanya za kipupwe zikahamia kaskazini. Akataka kunichorea karatasi mpya nikakataa. Nimechora mishale kwa chaki yangu ya kukatia nguo juu ya ile ile ya zamani, na mishale inasomeka.

Bei naiona ya haki. Hesabu ya maji na ile glasi vimeshaniokolea zaidi ya hapo kwenye dawa peke yake. Ukipata mpangaji wa namna hii, mwite Januari kama mimi, lakini ziara ya pili usiimalize kwa pupa. Iweke hadi mwezi wa sita, aje saa sita kasoro, mpe kiti na chai, akae hadi kivuli kimfikie miguuni. Na toroli liwe hapo hapo pembeni.