Mifuko ya chai ya kupimia uozo: mizuri, ila udongo mpya huidanganya

Kwa kupima kasi ya kuoza kwa mabaki ya mimea, ni vigumu kupata kifaa rahisi kuliko mfuko wa chai. Njia hii, iliyochapishwa na Keuskamp na wenzake mwaka 2013, hutumia chai mbili za Lipton: ya kijani, inayooza haraka, na rooibos (chai nyekundu ya Afrika Kusini), inayojikokota. Mifuko huzikwa kina cha sentimita 8 kwa siku 90 hivi, hukaushwa kwenye tanuri nyuzi 70 kwa saa 48, kisha hupimwa uzito. Majani yakiwa yale yale kila mahali, tofauti inayobaki ni ya udongo na hali ya hewa.

Kwenye udongo uliokomaa, tunaipendekeza bila kusita. Kwenye udongo mpya (majivu ya volkano, kokoto zilizoachwa na barafu, vifusi vya mgodi) inahitaji mtu makini.

Tatizo ni nitrojeni. Fosforasi imo ndani ya madini, lakini nitrojeni hukusanywa polepole na viumbe. Chai ya kijani ina kaboni takriban mara 12 ya nitrojeni yake, hivyo vijidudu hujitosheleza humo humo. Kwenye rooibos ni zaidi ya mara 40: kuvu na bakteria hutafuta nitrojeni nje ya mfuko, na huko nako nitrojeni ni haba.

Fomyula ya njia hii nayo hudhani kwamba baada ya siku 90 chai ya kijani imemaliza sehemu inayooza upesi, yaani 0.842 ya uzito wake. Chukua mfuko wenye gramu 1.7 za chai, zikabaki 1.0. Umepungua 0.41 ya uzito wake, na kipimo cha S (sehemu iliyogoma kuoza, yaani 1 − 0.41/0.842) kinatoka 0.51. Huenda haijagoma, imechelewa tu. Kosa hilo huhamia kwenye k, kasi ya uozo: rooibos ikipungua asilimia 15, S ya 0.51 inatoa k ya 0.009 kwa siku, ilhali S ya 0.23 (kama chai ya kijani ingepungua asilimia 65) ingetoa 0.005. Udongo mvivu unaonekana wenye kasi! Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, na ukiangalia matokeo ya mwisho pekee huioni.

Dawa yake ni kuzika seti za ziada na kuzifukua siku ya 30, 60, 90 na 120. Chai ya kijani ikiwa bado inapungua siku ya 120, achana na S na k. Ripoti uzito uliopotea basi.

Majivu laini hupenya kwenye mfuko na kuongeza uzito, hata chai ikaonekana haijaoza. Choma sampuli kwa nyuzi 550 yabaki madini tu, kisha toa kwenye uzito madini yaliyozidi yale ya chai ambayo haikuzikwa. Mteremko usio na mizizi humomonyoka, kwa hiyo funga mfuko kwenye kigingi. Pima pia mifuko mitupu kumi pamoja na uzi na lebo, upate wastani wa kutoa kwenye uzito wa mifuko yenye chai.

Angalia kitambaa kabla ya kununua. Mwaka 2017 mifuko ilibadilishwa kutoka nailoni iliyofumwa hadi polipropileni isiyofumwa. Usichanganye aina hizo mbili katika jaribio moja. Nunua mzigo wa kutosha kazi nzima kwa mara moja.