Distance: programu ya kuhesabia tembo wasioonekana

Tembo wa msituni anaweza kusimama hatua chache tu kutoka kwako na usimwone. Kinachoonekana ni kinyesi chake, na Distance ndiyo programu ya kukigeuza kuwa idadi ya wanyama. Inatolewa bure na Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Yenye vitufe na menyu inafanya kazi kwenye Windows. Wenye kompyuta za aina nyingine watumie kifurushi chenye jina hilohilo ndani ya R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu.

Unaipa urefu wa kila mstari ulionyooka uliotembewa msituni kuhesabu kinyesi, pamoja na umbali wa kila rundo la kinyesi, uliopimwa kwa pembe mraba kutoka mstarini hadi katikati ya rundo. Yenyewe inachora mkunjo unaoonyesha jinsi marundo ya mbali yanavyozidi kukwepa macho, kisha inafidia yaliyopitwa. Sehemu hii inaifanya vizuri sana. Ipe walau vipimo 60 hadi 80 na mistari 10, afadhali 20. Chini ya hapo mkunjo unayumba. Kata asilimia 5 hivi ya vipimo vya mbali zaidi, jaribu maumbo mawili ya mkunjo, hafu-nomali na hazadi-reti, halafu linganisha AIC, alama ya kupima mkunjo upi unafaa zaidi (ndogo ndiyo bora).

Ila itazame grafu kabla ya AIC. Nguzo ya kwanza, ya marundo yaliyo karibu kabisa na mstari, ikizipita nyingine kwa mbali, kuna uwezekano mkubwa kwamba mstari ulifuata mapito ya tembo, au wahesabuji walikadiria kwa macho na kuandika sifuri kwa rundo lililo sentimita 30 pembeni. Hakuna kitufe cha kuponya hilo. Dawa yake iko msituni: mstari ufuate dira hata penye kichaka, na umbali upimwe kwa utepe, kwa sentimita.

Uzuri na hatari ya programu hii vinakutana kwenye ukurasa wa vigawanyo, yaani namba za kugawia marundo ili kupata tembo. Hapo unaingiza mambo mawili: marundo anayoangusha tembo mmoja kwa siku, na siku ambazo rundo hudumu kabla ya kuoza. Tuseme mistari 20 ya kilomita 1 imetoa marundo 120, na upana halisi wa kuona ni mita 1.5 kila upande. Eneo ni kilomita za mraba 0.06, yaani marundo 2,000 kwa kila kilomita ya mraba. Ukigawa kwa marundo 18 kwa siku na siku 90, unapata tembo 1.23 kwa kila kilomita ya mraba. Badili 90 iwe 60, nao wanakuwa 1.85. Tembo wameongezeka kwa nusu nzima na hakuna aliyezaliwa! Programu inapokea namba zote mbili bila kuuliza.

Kwa hiyo usiazime siku za kuoza kutoka msitu mwingine au msimu mwingine. Mvua, jua na mbawakavu huzibadili mno. Miezi kadhaa kabla ya sensa, tafuta kinyesi kibichi kwa awamu sita au saba, kiwekee alama, kisha wakati wa sensa rudi mara moja uone kipi kimebaki. Kigezo cha "kimebaki" kiwe kilekile kinachotumika mstarini. Kwa kila kigawanyo jaza pia kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba hiyo isivyo na hakika. Ukiacha sifuri, programu inadhani una hakika kamili, na mipaka ya makadirio inabanana kwa uongo.

Maelekezo yake kuhusu mistari mitupu yangestahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Mstari usio na rundo hata moja lazima uingizwe na urefu wake, sehemu ya umbali ikiachwa wazi. Ukiufuta, msongamano unapanda isivyo haki. Vizio navyo vikague kabla ya kubonyeza: umbali kwa mita, mstari kwa kilomita, eneo kwa kilomita za mraba.

Viota vya sokwe vinahesabiwa kwa hesabu hiyohiyo, lakini ongeza kigawanyo cha tatu: sehemu ya kundi inayojenga viota, kwa kuwa watoto wachanga hulala na mama zao.