TAHADHARI: Habu za mbele "mpya, orijino" ambazo ni chakavu zilizopakwa rangi

Wenye pikapu za fo-wili, kaeni macho. Kuna wauza spea wanaochukua habu za kufunga kwa mkono (vile vifungio vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyounganisha gurudumu na shafti yake) zilizokwisha, wanazipiga msasa, wanazipulizia rangi ya fedha, wanabandika stika mpya yenye FREE (imeachia) na LOCK (imeshika), kisha wanazitia kwenye boksi safi. Nje zinang'aa, ndani meno yamelika. Mchezo huu una pacha wake: fundi aliyepatana na muuzaji anakwambia transfa (boksi la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma) imekufa, kumbe ni habu moja tu haishiki.

Tuanze na huyo pacha, maana ndiye anayekula hela nyingi. Difu ya mbele, ile inayogawa nguvu kushoto na kulia, kama haina loki hukimbilia upande mwepesi. Habu ya kushoto ikigoma, shafti ya kushoto inazunguka bure na gurudumu la kulia nalo halivuti, hata kama habu yake ni nzima kabisa. Gari linakuwa kama halina fo-wili, na hapo ndipo mwenye gari anapoingizwa mjini.

Kabla hujaruhusu transfa ifunguliwe, pima mwenyewe. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka kabari magurudumu ya nyuma, nyanyua mbele na uikalishe kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake. Transfa iwe 2H, yaani magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayovuta. Chora mstari wa chaki kwenye kila draivu shafti (shafti inayotoka difu kwenda gurudumuni). Habu zikiwa FREE, zungusha gurudumu: shafti ibaki imetulia. Ikijivuta kidogo kwa sababu ya grisi, ishike kwa mkono, lazima isimame bila kubishana nawe. Sasa geuza LOCK na uzungushe taratibu. Ndani ya mzunguko mmoja habu inatakiwa kulia "tak" na chaki ianze kufuata gurudumu. Upande ambao gurudumu linakwenda na chaki imesimama ndio wenye ugonjwa. Baada ya hapo ingiza 4H (fo-wili), cheza kidogo na propela ya mbele, ile shafti ndefu ya kutoka transfa kwenda difu, mpaka gia iingie, halafu jaribu kuizungusha. Ikigoma, transfa imeshika, mwachie fundi maneno yake. Ikizunguka bure ndipo ushuku transfa au lever yake.

Habu za otomatiki zina kesi yake. Nyingi za zamani haziachii mpaka urudishe lever 2H kisha urudi nyuma mita moja au mbili kwa mstari ulionyooka. Watu wameuziwa seti nzima kwa sababu tu hakuna aliyewaambia hilo.

Sasa dukani. Muuzaji atakugeuzia kidude cha juu, kile cha FREE na LOCK, mbele yako, kush-kush, kinakwenda laini, anasema "unaona?" Hujaona kitu. Kile kidude hukandamiza springi tu. Anayefunga ni gia ya kuteleza iliyo ndani, nayo huingia pale meno yanapokutana. Kikigeuka bila ukinzani wowote, springi imelegea au haimo. Ichukue habu mkononi, weka LOCK, zungusha gia ya katikati mpaka ishike, kisha jaribu kuizungusha kwa nguvu kulia na kushoto. Rudisha FREE, gia iachie yenyewe. Rudia mara kumi. Usipime LOCK peke yake: kuna habu zilizogandia humo, zinafaulu mtihani wa kushika na hazifaulu mwingine wowote. Ukiifunga hiyo kwenye gari, draivu shafti na propela ya mbele zitazunguka safari nzima hata ukiwa 2H, na utaanza kulaumu mafuta.

Halafu omba ifunguliwe kifuniko. Hapa wengi hubadilika sura. Ukikuta grisi nyeusi imeshindiliwa mpaka meno hayaonekani, futa. Ile grisi imewekwa ili kuziba sauti na ulegevu. Ncha za meno ziwe na kona kali. Zikiwa za duara, gia itaruka nje ukikanyaga mlimani, na mlio wake utausikia. Pitisha tupa ndogo pembeni ya jino: chuma kilichokomazwa hufanya tupa iteleze, chuma laini huliwa na kuacha mkwaruzo mpana. Hesabu pia meno ya shimo la katikati na uyalinganishe na ya shafti yako, kwa sababu habu zinazofanana kwa sura hutofautiana hapo.

Mara nyingi hata huhitaji kununua. Habu isiyoingia huwa imejaa grisi nzito iliyokauka, na gia haina njia ya kuteleza. Ioshe, ikaushe, paka grisi nyepesi tabaka jembamba tu, weka gasketi mpya. Hakikisha klipu ya duara kwenye ncha ya shafti ipo. Kwa habu za mkono za Toyota, kifuniko hurudishwa kikiwa FREE, zile ndimi zake zikae kwenye nafasi zisizo na meno; ukikosea hapo, habu nzima itaonekana mbovu. Nati za mwili wa habu hukazwa karibu Nm 31 (nyutoni mita, kipimo cha kukaza), bolti za kifuniko karibu Nm 10. Washa zenye umbo la pia (koni) zikigoma kutoka, gonga kwa shaba, usichokonoe kwa bisibisi.

Wenye Ford F-150 za kuanzia 2004 wana mtego wao. Habu za nyingi kati ya hizo huachiwa na vakyumu (mvuto wa hewa), kwa hiyo paipu yake ikipasuka zinashika nusu na kusaga ukiwa 2H. Muuzaji atakupa jozi ya habu. Wewe chukua pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji, vuta inchi 15 hadi 20 za zebaki moja kwa moja kwenye habu, na usubiri dakika moja. Mshale ukitulia, habu haivuji: fuata paipu, vali ya njia moja na solenoidi (vali ya umeme). Ukikuta maji ndani ya paipu, tafuta yanapoingilia kwanza, la sivyo habu mpya itakufa vilevile.

Aliyekwisha kufunga zile za rangi ya fedha afungue kifuniko wiki hii. Unga wa chuma ukionekana kwenye grisi, toa habu na uoshe beringi za gurudumu pia, kwa kuwa ule unga huhamia humo.